Mafuta ya Ndege ya Kivita Huhesabiwa Kuanzia Mwisho

Tarehe 8 Februari 1956, ndege 8 aina ya Hawker Hunter ziliruka kutoka kituo cha jeshi la anga la Uingereza cha West Raynham, kaunti ya Norfolk, kwenda kufanya zoezi la mapambano ya angani, nne kwa nne. Marubani wake hawakuwa wanafunzi wa juzi. Walikuwa kwenye kozi ya kuandaa viongozi wa ndege za kivita. Wakiwa juu, hali ya hewa huku chini ikachafuka, wakaelekezwa kutua Marham, kituo kingine kilichomo Norfolk hiyohiyo. Huko nako mawingu yakashuka na mwonekano ukapotea kabla hawajatua wote. Ndege 2 tu zilifika chini salama. Nyingine 6 zikapotea, mafuta yakiwa yamekwisha au yanaelekea kwisha, na rubani mmoja akafa.

Hapakuwa na adui wala injini iliyopasuka. Hesabu ilikataa. Hunter za toleo la kwanza zilisifiwa kwa kasi na kulaumiwa kwa tangi dogo: galoni 334 za Kiingereza, yaani kama lita 1,500, kwa injini yenye kiu kali. Lakini tangi dogo peke yake haliangushi ndege. Kwa maoni yangu kosa kubwa lilikuwa kwenye ramani. Kiwanja cha akiba kilikuwa jirani mno na nyumbani, kwa hiyo hali ya hewa iliyofunga cha kwanza ikafunga na cha pili, na ndani ya tangi hapakuwa na mafuta ya kwenda kutafuta cha tatu.

Ukimwambia mtu kwamba marubani wa kijeshi hutumia muda mrefu kupanga mafuta kabla ya mruko wa saa moja tu, atashangaa. Si wajaze tangi waondoke? Tangi hujazwa, ndiyo. Kazi inaanzia hapo, kwa sababu ndege ya mafunzo ya kivita karibu kila siku huondoka na tangi limejaa na bado mafuta hayatoshi kufanya yote ambayo mkufunzi angependa kumfundisha mwanafunzi wake.

Tuichukue T-38 Talon, ndege ya injini mbili ambayo jeshi la anga la Marekani limefundishia marubani wake tangu 1961. Mpaka leo inaruka kwenye vituo kama Sheppard kule Texas, ambako marubani wanafunzi wa nchi za NATO hufundishwa pamoja tangu 1981. Tangi zake zote zimo ndani ya mwili wa ndege na hubeba takriban paundi 3,900 za mafuta, sawa na kilo 1,770 hivi, au lita kama 2,200. Haina mrija wa kujazwa mafuta ikiwa angani. Ulichoondoka nacho ndicho ulicho nacho.

Kwa nini paundi na si lita? Kwa sababu mafuta hutanuka yakipata joto. Lita iliyopimwa saa nane mchana kwenye jua la Texas ina uzito mdogo kuliko lita iliyopimwa alfajiri ya baridi, na injini hupata nguvu kutokana na uzito wa mafuta, si ukubwa wa chombo. Vipimo hivi vikichanganywa, balaa haliko mbali. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada ilizimika injini zote mbili angani kwa sababu wajazaji walikokotoa mafuta kwa kipimo cha paundi kwa lita huku ndege ikihitaji kilo. Ikaondoka na chini ya nusu ya ilichohitaji. Marubani waliiteremsha bila injini hadi Gimli, Manitoba, nchini Kanada, na watu wote 69 wakatoka hai. Ilikuwa ndege ya abiria, lakini kila mkufunzi wa kijeshi anaijua hadithi hiyo.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza kwanza: tangi likijaa, ndege inakaa angani muda gani? Kwa ndege ya aina hii swali hilo halina jibu moja. Injini za T-38 zina afutabena, mfumo unaomwaga mafuta ya ziada nyuma ya injini na kuyawasha ndani ya bomba la kutolea moto ili kuongeza msukumo. Kila injini, afutabena ikiwaka, hutoa msukumo wa takriban paundi 3,850, na kwa kila paundi moja ya msukumo hunywa zaidi ya paundi 2 za mafuta kwa saa. Piga hesabu kwa injini mbili kwenye hewa nzito ya usawa wa bahari: paundi kama 17,000 kwa saa. Tangi zima lingekauka ndani ya dakika 14. Zima afutabena lakini uache mkono mbele kabisa, utapata dakika kama 40. Panda juu, punguza nguvu, safiri kwa utulivu, na tangi hilohilo litakupa zaidi ya saa nzima. Ndege ni ileile na mafuta ni yaleyale. Tofauti iko kwenye mkono wa kushoto wa rubani, ulioshika vishikizo vya nguvu za injini, na kwenye mwinuko alioko.

Ndiyo maana huwezi kupanga mruko kwa kuanza na zoezi. Mwenye mshahara mdogo hutenga kwanza kodi ya nyumba na ada ya watoto, kisha kinachobaki ndicho cha matumizi. Rubani naye hutenga kwanza mafuta ya kutua, ya kurudi na ya kukimbilia kwingine, kisha salio ndilo la mazoezi.

Hesabu inaanzia kwenye magurudumu yaliyokwisha gusa ardhi. Kanuni za jeshi la anga la Marekani zinataka ndege ibebe akiba ya asilimia 10 ya muda wa safari au dakika 20, ile iliyo kubwa zaidi, bila kuzidi dakika 45. Kwa ndege ya jeti, dakika hizo hukokotolewa kana kwamba ndege inazunguka futi 10,000 kwa mwendo unaotumia mafuta machache kuliko yote. Akiba hii haipangiwi kazi. Si ya kuongeza zoezi, si ya kumsubiri mwenzako, si ya kujaribu kutua mara ya tatu ili mwanafunzi apate alama nzuri.

Niweke tarakimu ili jambo lionekane. Ni za mfano tu, nimezizungusha ziwe rahisi, msizichukue kuwa za kitabu cha ndege. Tangi lina paundi 3,900. Kuwasha injini na kutembea hadi kwenye njia ya kurukia, 200. Kuruka, kupanda na kufika eneo la mazoezi, 700. Kwa hiyo mnaingia eneoni mkiwa na 3,000. Sasa geuka uhesabu kutoka mwisho. Akiba ya kutua nayo, 600. Kutoka nyumbani hadi kiwanja cha akiba endapo nyumbani kumefunga, 500. Kushuka kwa vifaa ndani ya mawingu, kutoiona njia na kupanda tena, 300. Kutoka eneo la mazoezi hadi nyumbani, 400. Jumla 1,800. Kilichobaki kwa kumfundisha mtu kupambana angani ni 1,200, na kwa afutabena kwenye hewa nzito ya chini hizo ni dakika kama 4. Kwa kawaida mazoezi hufanyika juu zaidi na afutabena huwashwa kwa vipindi vifupi, hivyo muda hurefuka, lakini umeona jinsi tangi lililojaa linavyogeuka kuwa kijiko.

Siku ya mbingu safi, kiwanja cha akiba si lazima. Kanuni za Marekani hukidai pale utabiri wa saa moja kabla na saa moja baada ya kufika unapoonyesha mawingu chini ya futi 2,000 au mwonekano chini ya maili 3. Ondoa zile 500 za kukimbilia kwingine na mazoezi yanapanda kutoka 1,200 hadi 1,700. Siku moja ina mafunzo zaidi ya nyingine kwa asilimia 40 na ushee, na aliyeamua hayo ni mtabiri wa hali ya hewa, hata kabla mwanafunzi hajavaa suti ya kuruka.

Zile 1,800 ndizo marubani huziita bingo. Ni tarakimu ambayo geji ikiigusa, unaelekea nyumbani. Haijadiliwi. Juu yake huwekwa nyingine, jokeri, tuseme 2,000, ambayo kazi yake ni kukuambia kwamba unachokifanya kinaelekea ukingoni: usianzishe pambano jipya, maliza hili, kusanya kundi. Mwanafunzi mgeni hudhani hizi ni tahadhari mbili za kitu kimoja, kama taa ya njano na nyekundu. Sivyo hasa. Jokeri inaweza kuwekwa zaidi ya mara moja katika mruko mmoja, kwa kila sehemu ya zoezi. Bingo ni ya kurudi, na imefungwa kwenye umbali: ukisogea mbali zaidi na nyumbani, nayo inapanda.

Umuhimu wa kuiandika bingo chini, mezani, kwa kalamu, ni kwamba mtu aliyeko mezani na mtu aliyeko angani si mtu mmoja, hata kama wana jina moja. Aliyeko mezani ana chai, ana ramani, ana muda. Aliyeko angani anavuta kona yenye uzito mara tano au sita ya uzito wake, damu inakimbia kutoka kichwani, shingo imepinda nyuma kumtafuta mwenzake, na ameshaona kwamba raundi moja zaidi atamshinda. Mtu huyo hapaswi kuachiwa kukadiria chochote. Kwenye ndege za kisasa kama F-16 rubani huingiza tarakimu ya bingo kwenye kompyuta na sauti humwambia mafuta yakiifikia. Kwenye T-38 za toleo la zamani kila injini ina mfumo wake wa mafuta, wa kushoto na wa kulia, kila mmoja na geji yake. Rubani huzisoma zote mbili, huzijumlisha, na hutazama kama upande mmoja umezidiwa na mwingine. Kujumlisha 1,050 na 920 ni hesabu ya darasa la tatu, mpaka uifanye ukiwa umeelea kichwa chini.

Ndege zikiruka mbili mbili, jambo linazidi ugumu, na hapa ndipo viongozi wengi wachanga hukwama. Kiongozi anaruka kwa mkono uliotulia. Mwenzake wa ubavuni, ili abaki mahali pake, anasukuma na kuvuta nguvu za injini muda wote, na kila msukumo unakula. Baada ya nusu saa geji zao hazilingani tena. Kwa hiyo kila baada ya muda kiongozi huuliza kwa redio, kila mmoja hutaja alichobakiwa nacho, na kundi zima linaishi kwa tarakimu ya aliye na kidogo kuliko wote, ambaye karibu siku zote ni mwanafunzi. Kiongozi anayepanga kwa geji yake mwenyewe anapanga mruko wa mtu mwingine.

Kuna kipengele ambacho huwachanganya hata watu wanaozijua injini za magari vizuri. Tuseme rubani yuko chini, futi 500, kwenye zoezi la kuruka chini chini, maili 100 za baharini kutoka nyumbani, na bingo imefika. Akili ya barabarani inamwambia akae hukohuko chini na apunguze mwendo, maana kupanda mlima hula mafuta. Akiifuata huenda asifike. Hewa ya chini ni nzito, ndege inapambana nayo kila hatua, na injini ya jeti hufanya kazi vibaya ikibanwa nguvu kwenye hewa hiyo. Anachotakiwa kufanya ni kupanda, tena mara moja, akitumia mafuta mengi kwa dakika chache ili afike kwenye hewa nyembamba. Huko kila paundi humsogeza mbali zaidi. Kisha, akiwa bado mbali na kiwanja, anarudisha nguvu hadi chini kabisa na kuteremka taratibu akiwa anakula kidogo sana. Kitabu cha ndege kina jedwali la safari hii: umbali huu, panda hadi mwinuko huu, ruka kwa kasi hii, anza kushuka umbali huu kabla ya kufika, mafuta yanayohitajika ni haya. Rubani halikokotoi, analisoma. Kinachobaki kwake ni upepo. Huko juu upepo wa mbele unaweza kuzidi noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, na siku kama hiyo mwinuko ulioandikwa kwenye jedwali unaweza usiwe ndio bora.

Wengine husema, basi si urudi na mafuta mengi tu? Mafuta mengi nayo yana gharama yake. Kasi ya T-38 ikiikaribia njia ili itue ni noti 155, na huongezwa noti 1 kwa kila paundi 100 za mafuta zilizozidi 1,000. Rudi na 2,000 na utaikaribia njia kwa noti 165, zaidi ya kilomita 300 kwa saa, kisha usimame kwa matairi madogo na breki zilezile.

Turudi kwenye kiwanja cha akiba, maana ndicho kipande cha mpango ambacho hubadilika kabisa kutegemea uko nchi gani. Texas ni tambarare na viwanja virefu vimejaa kila upande. Sasa tazama Nanyuki. Kenya ilianza kupokea ndege za F-5 mwaka 1978, na F-5 ni ndugu wa T-38 wa kuzaliwa: zote ni za Northrop, zote zilitokana na mradi mmoja, na zote hutumia injini za ukoo wa J85. Kituo cha jeshi la anga cha Laikipia, hapo Nanyuki, kiko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyembamba hupunguza msukumo wa injini na kurefusha mbio za kuruka, na ubavuni mwake umesimama Mlima Kenya, mita 5,199.

Ukiweka rula kwenye ramani kutoka hapo, njia ndefu za lami ni chache. Nairobi iko kilomita kama 150. Eldoret ni kama 200. Mombasa ni zaidi ya 500. Nairobi ndiyo nafuu, lakini asubuhi za Julai mawingu hukaa chini kwenye nyanda hizo, na mawingu hayo hayajali mpaka wa kaunti. Mombasa iko pwani, chini kabisa, ina hali ya hewa ya aina nyingine, ndiyo hasa sifa unayoitafuta kwenye kiwanja cha akiba. Ila kuibeba Mombasa kwenye hesabu ya ndege ndogo ya kivita ni kula mazoezi yote. Kiwanja cha karibu ni rahisi kukilipia na rahisi kufungwa pamoja na nyumbani. Cha mbali kinakulinda na kukuachia dakika chache za kazi. Hakuna fomula inayolimaliza jambo hili. Mtu anakaa na utabiri wa siku hiyo, anaamua, kisha anaamua upya endapo utabiri umebadilika saa moja baadaye.

Mpango ukivunjika hata hivyo, kuna lugha rasmi ya kusema. Ililipiwa ghali. Tarehe 25 Januari 1990 Boeing 707 ya Avianca iliyozungushwa angani zaidi ya saa nzima ikisubiri kutua New York iliishiwa mafuta na kuanguka Cove Neck. Watu 73 walikufa. Marubani walikuwa wamewaambia waongoza ndege kwamba mafuta yanaisha na wakaomba kipaumbele, lakini neno la dharura halikutamkwa, na waongoza ndege hawakulichukulia kuwa dharura. Tangu 2012 kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinatenganisha hali mbili. Kutangaza mafuta ya kiwango cha chini maana yake ni kwamba nimeshajifunga kutua kiwanja hiki, na mkinichelewesha zaidi nitaila akiba. Si dharura, wala hakuna anayelazimika kukupisha. Ukiona utatua na mafuta pungufu ya akiba, unatangaza MAYDAY mara tatu na kutaja mafuta, na hapo kila mtu anasogea. Marubani wa kijeshi hufundishwa kutofautisha haya mawili mapema, kwa sababu vijana wenye kiburi cha kazi hupenda kubaki kwenye la kwanza muda mrefu kuliko inavyofaa.

Baada ya kutua, kwenye chumba cha tathmini, tarakimu za mafuta hufunguliwa mojamoja: mlipanga kuingia eneoni na 3,000, mliingia na ngapi? Bingo ilitajwa na nani, na ndege iligeuka baada ya sekunde ngapi? Mwanafunzi aliyetua na 450 badala ya 600 anajua kinachomsubiri. Asichokitarajia ni kwamba aliyetua na 1,500 siku ya mbingu safi naye ataulizwa. Paundi 900 zile zilikuwa mapambano mawili au matatu ambayo hakuyafanya, na mruko mwingine wa kuyafidia haupo kwenye ratiba ya wiki hiyo.